Cheni imepigwa tupa na bado haikati: soma dalili kabla ya kunoa tena

Cheni ya chenso iliyonolewa vizuri hujivuta yenyewe ndani ya gogo. Wewe unaishika mashine isiyumbe, uzito wake unafanya kazi, na chenga za mti zinaruka. Ukijikuta unaiegemea kwa nguvu ndipo ishuke, kuna kasoro, na mara nyingi kasoro hiyo haiko pale unapodhani. Wengi hurudi kwenye tupa, wanasugua meno yale yale upya, wanapoteza milimita nzima ya chuma, na cheni inarudi kazini ikiwa vile vile. Kila kosa la unoaji lina dalili yake: namna unga au chenga zinavyotoka, namna mkato unavyoelekea, namna jino linavyoonekana juani. Anza na hizo.

Kwanza tukubaliane majina, maana kila karakana ina yake. Jino la kukata lina bamba la juu, lenye makali yanayotazama mbele, na ubavu unaoshuka kutoka kwenye bamba hilo. Vinapokutana hivyo viwili ndipo penye kona, na kona ndiyo yenye kazi kubwa: inatangulia kukata nyuzi za mti, kisha bamba la juu linafuata na kubandua kipande. Mbele ya jino, kwenye kiungo hicho hicho, kuna nundu. Nundu haikati. Inaamua jino lizame kiasi gani, kama seremala anavyoutoa ulimi wa randa kidogo au sana. Kati ya nundu na jino kuna uwazi wa mviringo, yaani koo, na humo ndimo tupa ya duara inamopita.

Tupa yenyewe ni sahihi?

Makosa mengi huanzia dukani. Tupa za duara zinafanana machoni, lakini tofauti ya nusu milimita inabadilisha umbo la jino zima. Jua kwanza hatua ya cheni yako, yaani nafasi kati ya viungo vyake. Pima kutoka katikati ya ribiti moja (pini inayounganisha viungo) hadi katikati ya ribiti ya tatu, kisha gawa kwa mbili. Ukipata kama milimita 16.5 kabla ya kugawa, cheni ni ya inchi 0.325. Kati ya 18.5 na 19 ni ya inchi 3/8. Ikifika 20.5 ni ya inchi 0.404, ile nene inayofungwa kwenye mashine kubwa kama Stihl 070. Cheni za Stihl zina tarakimu ndogo iliyopigwa karibu na nundu: 2 ni 0.325, 3 ni 3/8, 4 ni 0.404, na 6 ni 3/8 ndogo, ile nyembamba ya mashine nyepesi kama MS 170 na MS 180.

Tupa zake ni hizi:
- 3/8 ndogo: milimita 4.0
- 0.325: milimita 4.8
- 3/8 ya kawaida: milimita 5.2 kwa cheni za Stihl. Watengenezaji wengine wengi hutaja 5.5
- 0.404: milimita 5.5

Jino likishaisha hadi nusu ya urefu wake, linakuwa limeshuka pia, kwa sababu bamba la juu lina mteremko kuelekea nyuma. Hapo shuka saizi moja ya tupa: aliyeanza na 5.5 aende 5.2, aliyeanza na 4.8 aende 4.5. Ukiendelea na tupa ile ile nene, itaanza kula viungo vilivyo chini ya jino badala ya jino lenyewe.

Tupa huisha pia. Ukiigeuza juani ukaona mistari inayong'aa kama kioo, meno yake yamekufa. Isitiwe mafuta, kwa sababu mafuta hushika unga wa chuma na kuziba meno yake. Ikung'ute kwenye ubao kila baada ya meno machache, na izungushe kidogo mkononi ili isiishe upande mmoja. Usiitupe ndani ya sanduku pamoja na spana: tupa zikigongana huuana. Kipande cha bomba la plastiki kinatosha kuwa ala yake.

Inatoa unga badala ya chenga

Hii ndiyo dalili inayojulikana zaidi. Cheni yenye makali ikikatisha gogo la msindano au mkaratusi hutoa vipande bapa vinavyoshikika kwa vidole. Iliyobutuka hutoa unga kama wa muhogo, na unanusa harufu ya kuungua kabla hujauona moshi. Ila ipo hali moja inayodanganya. Chenso iliyofungwa kwenye fremu ya kupasulia mbao, baa (ulimi mrefu wa chuma unaozungukwa na cheni) ikiwa imelala kukatisha upana wa gogo na kusogea kufuata urefu wake, hukata vichwa vya nyuzi muda wote, na unga wake ni laini hata cheni ikiwa mpya. Hapo usihukumu kwa unga. Hukumu kwa kasi na kwa nguvu unayotumia kusukuma.

Liangalie jino lenyewe. Zima injini, vua kofia ya plagi, vaa glovu, ligeuze jino lipigwe na jua. Makali mazima hayarudishi mwanga, kwa sababu ukingo wake hauna upana wa kuakisi kitu. Makali butu yanaonyesha mstari mweupe mwembamba pale bamba la juu linapokutana na koo. Ufuate mstari huo hadi kwenye kona. Mara nyingi utakuta sehemu ya katikati ya bamba iko sawa lakini kona ina doa linalong'aa, dogo kama punje ya mchanga. Doa hilo peke yake linatosha kuifanya cheni nzima itoe unga.

Chanzo cha yote ni kromu. Juu ya bamba na nje ya ubavu jino limepakwa tabaka jembamba la kromu ngumu, na tabaka hilo ndilo makali yenyewe. Chuma cha chini yake ni laini zaidi. Kazi yake ni kulibeba. Cheni ikigusa mchanga au msumari, kromu inamomonyoka ukingoni. Mtu anapiga tupa mara mbili, jino linang'aa, anadhani amemaliza, kumbe ukingo wake sasa ni chuma laini kisicho na kromu, na kabla ya saa moja cheni imebutuka tena. Rudisha jino nyuma mpaka doa lote liishe na ukingo wa kromu uonekane mzima kutoka kona hadi mwisho wa bamba. Hata ikihitaji misukumo kumi na tano, piga kumi na tano.

Unapiga hivi. Ibane baa kwenye jiriwa, au ukiwa porini chanja kisiki mkato mmoja wa sentimita kumi hivi na uichomeke baa humo. Inashika vizuri kuliko mapaja yako. Kaza cheni kidogo kuliko kawaida ili jino lisiyumbe. Weka breki unapopiga tupa, ilegeze unapovuta cheni mbele. Tia alama ya wino au chaki kwenye jino la kuanzia; anza na lile fupi kuliko yote, kwa sababu mengine yote yatalifuata hilo.

Sukuma tupa kutoka ndani ya jino kwenda nje. Jino la upande wa kulia linapigwa ukiwa kushoto, la kushoto ukiwa kulia. Tupa inakata ikienda tu. Ikirudi, inyanyue, kuivuta ikiwa imegusa jino ni kuyaua meno ya tupa na kuukunja ukingo. Ilaze sawa, isiinamie upande wa mkono wala upande wa ncha, isipokuwa kifungashio cha cheni yako kiseme uiinamishe nyuzi 10. Kwa pembe ya bamba la juu, cheni nyingi za kukatisha magogo ni nyuzi 30. Huhitaji kukisia: meno mengi yana mstari mdogo uliochongwa nyuma ya bamba la juu, ukionyesha pembe ileile. Tupa iende sambamba na mstari huo.

Kilichobaki ni kimo, na hapa ndipo mikono mingi inapokosea. Sehemu moja ya tano ya unene wa tupa ionekane juu ya bamba: kwa tupa ya 4.8 ni kama milimita moja. Ikikaa chini kuliko hapo, inachimba ndoano chini ya ukingo na jino linakuwa jembamba kama wembe. Ikikaa juu kuliko hapo, ubavu unaegemea nyuma na jino linateleza juu ya mti badala ya kuuma. Kishikio cha tupa chenye mbawa mbili zinazolala juu ya jino na nundu kinakulindia kimo hicho, na bei yake ni ndogo kuliko ya cheni moja. Kwa anayejifunza, tunakisisitiza.

Cheni inayonolewa mapema, yaani kila inapoanza kupunguza ukubwa wa chenga, inahitaji misukumo miwili au mitatu kwa jino. Cheni ya 3/8 yenye viungo 72 vya chini, vile vinavyopita ndani ya mfereji wa baa, ya baa ya inchi 20, ina meno 36, kumi na nane kila upande. Ukizoea ni kazi ya muda mfupi kuliko kupumzika chini ya kivuli.

Jino ni kali lakini haishuki

Unaligusa jino kwenye ukucha, linauma. Juani halina mstari mweupe. Lakini kwenye gogo cheni inaelea, inatoa chenga nyembamba kama za penseli, na lazima uisukume. Chanzo karibu kila mara ni nundu ndefu.

Kumbuka mteremko wa bamba la juu. Kila unapolirudisha jino nyuma, linashuka kidogo. Nundu inabaki pale pale. Baada ya kunoa mara kadhaa tofauti kati yao inakwisha na jino haliwezi tena kuzama. Kwa cheni za 0.325, 3/8 na 3/8 ndogo, nundu inatakiwa iwe chini ya kilele cha jino kwa milimita 0.65. Kwa 0.404 ni milimita 0.8. Kwa jicho huwezi kuiona tofauti hiyo. Tumia kigezo cha chuma chenye tundu: kilaze juu ya cheni, nundu ichomoze ndani ya tundu, na kinachochomoza ukiondoe kwa tupa bapa mpaka tupa iguse kigezo. Kisha toa kigezo na uviringe ukingo wa mbele wa nundu kidogo, kama ulivyokuwa kiwandani. Nundu yenye kona kali mbele inakwaruza mti na kutikisa mashine.

Angalia nundu kila baada ya kunoa mara tatu hadi tano, na kila mara baada ya kunoa kwa kina kutokana na jiwe au msumari. Noa meno kwanza, nundu baadaye, wala si kinyume chake.

Kama nundu ziko sawa na bado haishuki, geukia ubavu wa jino. Litazame kwa upande: ukingo wa ubavu unapaswa kusimama au kuegemea mbele kidogo. Ukiegemea nyuma, tupa yako ni nene mno au ulikuwa unaishika juu. Rudia kwa tupa sahihi na kimo sahihi. Itachukua misukumo mingi mara ya kwanza, kisha umbo linarudi.

Inarukaruka, inang'ata, injini inazimika ndani ya mkato

Hapa kuna hatari, na tunasema hivi kwa uzito wote. Mtu amechoka na cheni isiyoshuka, anachukua tupa bapa na kuzikata nundu kwa kukisia. Cheni inarudi ikiwa na njaa: inazama kupita kiasi, inakwama, inatikisa mikono, na ncha ya baa ikigusa kitu inarusha mashine juu kuelekea uso wa mshikaji. Nundu fupi zinaongeza nguvu ya mrusho huo moja kwa moja. Hakuna mti laini wala haraka ya kazi inayohalalisha.

Nundu iliyokatwa hairudi. Dawa pekee ni kulirudisha jino nyuma kwa tupa ya duara mpaka lishuke na kimo kiwe sahihi tena, hata kama ni kuipoteza nusu ya cheni. Kama jino limebaki fupi, nunua cheni mpya.

Dalili hiyohiyo, ikiwa hafifu zaidi, huletwa na ndoano: tupa nyembamba mno au iliyoshikwa chini. Tofauti yake ni kwamba cheni yenye ndoano inakata ajabu kwenye gogo la kwanza na la pili, kisha inakufa ghafla, kwa sababu ukingo mwembamba umevunjika.

Mkato unapinda

Unaanza wima, ukifika katikati ya gogo la sentimita 40 mkato umeshahamia kushoto au kulia, na baa inabanwa. Cheni huelekea upande wenye meno makali zaidi au marefu zaidi, na upande ambao nundu zake ziko chini zaidi. Ukijua hilo, mkato wenyewe unakuonyesha pa kutafuta: ukipindia kulia, meno ya kushoto ndiyo dhaifu.

Kwa nini pande mbili zinatofautiana? Kwa sababu mkono wako ni mmoja. Anayetumia mkono wa kulia husukuma kwa nguvu na kwa pembe nzuri upande mmoja. Upande wa pili anajipinda, pembe inakuwa nyuzi 20 au 35, na misukumo mitatu haina uzito wa mitatu ya kwanza. Hesabu inalingana, chuma kilichotoka hakilingani. Dawa ni kupima. Chukua kalipa, pima urefu wa bamba la juu la jino moja kutoka nyuma hadi kona, kulia na kushoto. Tofauti ya sehemu ya kumi ya milimita isikusumbue. Ikikaribia nusu milimita, yarudishe yale marefu yafike kwenye yale mafupi, kisha pitia nundu zote upya, kwa sababu sasa vimo vimebadilika. Kuanzia siku hiyo upe upande wako dhaifu msukumo mmoja wa ziada, au geuza mashine nzima badala ya kuupinda mwili, ili kila upande uusukume kwa mkao uleule.

Kisa kingine: ulikata jiwe au waya kwa upande mmoja, meno ya upande huo yakapoteza kona, ukayanoa yote sawa kwa misukumo mitatu. Yale mazima yamekuwa makali, yale yaliyoumia bado. Mkato utapinda mpaka uyanoe hadi kromu nzima.

Usiilaumu cheni kabla ya kuiuliza baa. Igeuze baa, cha juu kiwe chini, kisha kata tena. Kama mpindo umeisha au umebadilika upande, tatizo liko kwenye baa. Kama unapinda vile vile, ni cheni. Kingo mbili za mfereji wa baa huisha, na mara nyingi mmoja huisha kuliko mwenzake. Laza rula ya chuma ubavuni mwa baa iguse na jino: kati ya rula na baa pabaki uwazi. Usipokuwepo, cheni imelala upande kwa sababu mfereji umepanuka. Kingo zisizolingana husawazishwa kwa tupa bapa iliyoshikwa wima sawasawa, na ukingo wa chuma uliopinduka nje unaondolewa kwa tupa hiyohiyo. Mfereji uliopanuka haurekebishiki kwa tupa. Ndiyo maana ni vizuri kuigeuza baa kila unapobadilisha au kunoa cheni, iishe pande zote sawa.

Tupa inateleza juu ya jino

Unasukuma, tupa inalia na kupita juu bila kung'ata. Kama ni mpya, jino limekuwa gumu kuliko tupa. Mara nyingi cheni hiyo ilinolewa kwenye jiwe la umeme kwa haraka: jino likibadilika rangi likawa la bluu au jeusi ukingoni, chuma kilipata moto na kupoa ghafla, na gamba lake likawa gumu na lenye kuvunjika. Kugonga jiwe kwa kasi kubwa pia huleta gamba kama hilo, ila doa lake ni dogo.

Gamba hilo ni jembamba. Kulikwaruza kwa tupa iliyochoka hakufiki popote. Chukua tupa mpya, ikandamize kwa nguvu kuliko kawaida, misukumo mifupi, mpaka uhisi imeanza kuuma. Baada ya hapo rudi kwenye uzito wa kawaida. Kama haikubali kabisa, anayetumia jiwe la umeme aliondoe gamba kwa kugusa na kuachia, kugusa na kuachia, jino lisipate rangi. Kisha umalizie kwa mkono.

Makali hayadumu

Kama umbo liko sawa na kromu ni nzima, tafuta sababu kwenye mti na ardhi. Kugusa udongo kwa sekunde moja kunatosha kuiua cheni iliyotoka kwenye jiriwa. Magogo yaliyoburutwa yana mchanga ndani ya ganda. Bandua ganda kwa shoka pale utakapokata. Miti ya kando ya barabara ya vumbi nayo imejaa mchanga kuanzia chini hadi usawa wa kifua.

Miti yenyewe inatofautiana. Msaji una silika ndani yake na unabutua chuma haraka kuliko ugumu wake unavyoonyesha. Wanaovuna misaji ya mashamba ya Longuza au Mtibwa, Tanzania, wasishangae kunoa mara nyingi kuliko wanaokata msindano wa shamba la Sao Hill. Mvule huficha mawe ya chokaa ndani ya shina, na cheni ikikutana nalo unasikia mlio wake kabla ya kuona cheche. Mnazi ni mgumu nje na laini katikati: sehemu ya nje ndiyo inayoumaliza ukingo. Mpingo, mkongo na mninga uliokauka havina huruma.

Kwa miti hiyo migumu, mikavu au michafu, nunua cheni yenye meno ya kona ya mviringo badala ya ile yenye kona kali ya mraba. Kona kali inakata haraka zaidi kwenye mti safi na mbichi, lakini ncha yake ndogo ikiumia, cheni nzima imeumia. Kona ya mviringo inaendelea kukata hata ikiwa imechoka kidogo, na kwa tupa ya mkono ni rahisi kuirudisha.

Moshi, cheni kuwa moto

Kama jino ni kali na bado kuna moshi, ni mafuta au mkazo. Elekeza ncha ya baa kwenye kisiki kikavu au ubao mweupe, umbali wa sentimita 20, ongeza gesi: ndani ya dakika moja mstari wa mafuta uonekane. Usipoonekana, zibua tundu la mafuta kwenye baa na ukwangue uchafu mfereji wote. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari si mbadala. Ina chembe za chuma na haishiki kwenye cheni, nayo huua pampu. Mkazo sahihi: cheni ikiwa baridi iguse upande wa chini wa baa na bado ivutike kwa mkono. Uliyoikaza ikiwa moto, ilegeze ukimaliza kazi, la sivyo ikipoa itasinyaa na kuvuta shafti ya injini.

Inakatisha vizuri lakini inapasua polepole

Pembe ya nyuzi 30 imetengenezwa kukata nyuzi za mti kwa kukatisha. Kwa kupasua mbao kwenye fremu, meno ya nyuzi 10 husonga kwa utulivu na kuacha uso laini wa ubao. Ziko cheni zinazouzwa zikiwa hivyo. Ya kawaida nayo unaweza kuibadilisha kwa tupa kidogo kidogo, kila unaponoa punguza nyuzi tano, badala ya kuikata mara moja na kupoteza nusu ya jino. Ukishaibadilisha, iache kwa kupasua tu. Unapopasua kwa mkono baa ikiwa sambamba na nyuzi, mashine itatoa nyuzi ndefu za mti zinazoziba kifuniko cha sproketi, gurudumu lenye meno linaloizungusha cheni. Simama mara kwa mara uzitoe, maana zikijaa zinaweza kuitoa cheni kwenye mfereji.

Lini kuacha kunoa

Meno mengi yana alama ya mwisho nyuma ya bamba la juu. Isipokuwepo, milimita 4 za urefu wa bamba ni kikomo cha busara. Kabla ya hapo, tupa cheni yenye jino lenye ufa, ribiti inayocheza, au kiungo kilichokatika, hata kama makali yake ni mapya. Fungua pia kifuniko uangalie sproketi. Ikiwa cheni imechimba mfereji wa nusu milimita kwenye meno yake, itaiharibu cheni mpya ndani ya siku chache. Kanuni ya mafundi ni sproketi moja kwa cheni mbili, zikipokezana: moja kazini, nyingine kwenye jiriwa ikisubiri tupa.